Shakwe Kwenye Bega la Kificho

Ngumi ya tatu ilimvunja Kificho pua. Alianguka chali juu ya boriti zilizojaa jahazini, na kabla hajainuka Msabah alikuwa keshamkalia kifuani.

"Jana shakwe alitua begani mwako, kamba ikakatika, ndugu yangu akaliwa na bahari. Leo katua tena. Wangoja mara ya tatu tuzame sote?"

"Kwani mimi nimemwita?" Kificho alitema damu. "Ndege ana mabawa yake!"

Shakwe mwenyewe alikuwa juu ya mlingoti, akigeuza kichwa huku na huku. Hakuna aliyethubutu kumrushia kitu. Kwa mabaharia wale shakwe hapigwi; hutupwa baharini mtu ambaye ndege huyo amemchagua.

Matar, mkuu wa mabaharia, aliacha kushona tanga. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliyatazama mabega ya Kificho yanavyong'aa, akakumbuka debe la mafuta ya papa.

"Nahodha," alisema, "ndege anafuata mafuta. Kupaka mbao ilikuwa zamu yangu, nikampa Kificho kwa sababu harufu yanichefua. Debe limemvujia begani, fulana yote imeganda vipande vya ini la papa. Mzuie Msabah."

Nahodha Darwesh, usukani mkononi, hakugeuka. "Mimi naangalia mnara wa Chumbe. Sioni kingine."

Basi mabaharia wakamvamia Kificho. Alimng'ata mmoja kidole mpaka mfupa. Akapigwa upondo mbavuni, na mlio wa mfupa kuvunjika ukasikika. Wakamfunga mikono kwa kamba ya usumba, wakamtia jiwe la nanga miguuni, wakamburuta hadi ukingoni.

"Mjomba Matar!" alilia. "Mjomba, nna watoto!"

Matar alilinyakua debe akajimwagia kichwani, shingoni, mabegani.

"Tazameni basi! Tazameni kwa macho yenu!"

Wakageuka. Shakwe alishuka, akampita Kificho, akatua kwenye bega la Matar na kuanza kudonoa ini shingoni mwake.

"Mmeona?" Matar alisema, kicheko kikimjia. "Mafuta tu."

Hakuna aliyecheka. Msabah alimwachia Kificho taratibu.

"Mara ya tatu," alisema. "Zamu ilikuwa yako, umesema mwenyewe. Kumbe siku zote akikutafuta wewe."

Matar alimpiga kwa debe wa kwanza aliyemsogelea, meno yakamtoka. Akamkaba koo wa pili. Ikahitaji watu wanne kumlaza, na hata hapo Msabah alimponda mkono kwa rungu mpaka vidole vikalegea. Wakamfungua Kificho kamba na jiwe.

"Kificho, mwanangu," Matar alihema, "wewe wajua. Sema nao."

Kificho alimtazama, kisha akaitazama kamba ile, ingali mbichi kwa damu yake. Akaiokota.

"Nisamehe, mjomba," alisema, akamfunga miguu.

Wakamtia jiwe, wakamtosa, na Matar akazama. Mafuta yalitanda juu ya maji, yakailaza mikunjo ya bahari, na shakwe akayashukia. Darwesh aliinyoosha omo ya jahazi kuelekea mjini.

Wenzake walipokuwa bado wakichungulia majini, Kificho aliivua fulana yake kimyakimya, akaitupa upande wa pili, akachota maji ya bahari na kuanza kujisugua mabega.