Igeuze, Bwana

...na sasa wananingoja mimi, macho wameyafumba, kanisa zima, mchungaji mwenyewe kasema, "Haya Salesi, sala hii uliianza wewe, imalize wewe, tushukurie," na redio bado inakoroma pale kwenye benchi la kwaya, kimbunga kimegeuka, kimeiacha Vava'u yetu, kinashuka kusini, watu wa visiwa vya Ha'apai wajikinge, ilisema Ha'apai waziwazi, wenzangu wakasikia kimegeuka tu, wakapiga makofi, mama mmoja akalia, "Malie, Salesi, malie! Mdomo wako huo Mungu anausikia!" nami nikatabasamu, Mungu wangu, nilitabasamu kabla sijakumbuka kwamba Fusi yuko Ha'apai, Fusi dada yangu, na kile kibanda chake cha mbao karibu na maji... asubuhi nilisema nini mimi, nilisema igeuze tufani hii, Bwana, ipeleke kule, nikanyoosha na mkono, vifijo vya malie vikapanda, nikapandisha sauti, nilijisikia mtamu, mzee mzima hovyo, kama vile kusini kwetu hakukai watu... na dada kwetu ni mkubwa hata ukimtangulia kuzaliwa, karamuni mkeka mzuri ni wake, mbele yake kaka hatamki neno chafu wala haketi naye kutazama sinema, kwenye maziko ya baba aliingia nami nikatoka nje kumpisha, watu wakanisifu, Salesi ana adabu, adabu gani, nimempisha mlangoni halafu nimemtupia tufani... "Baba Sela," mke wangu ananong'ona, ananivuta shati, "watu wanakungoja, unaumwa?" siumwi, Lupe, laiti ningekuwa naumwa, naona haya, haya ya kutaka ardhi ipasuke nitumbukie... basi omba kirudi, Salesi, wewe bingwa wa kuomba, sema Bwana kirudishe huku, sema basi... na mjukuu wangu yule pale kalala kwenye paja la Lupe, kinywa wazi, hapana, sitaki kirudi, hata kwa ajili ya Fusi sitaki, hiyo ndiyo kweli yangu na nimesimama nayo madhabahuni... bati la paa linagonga, mchungaji anakohoa, "Ndugu yangu, tuko tayari," mimi siko tayari, mchungaji, miaka yote nimekuwa nikimwelekeza Mungu njia kama utingo wa lori, kata huku, rudi nyuma, simama hapo, na pengine hakunisikia kabisa, pengine upepo ulikuwa unageuka wenyewe na mimi nilikuwa napiga kelele tu, lakini kutamka nilitamka, na nilitamka nikipenda... sasa niseme nini, asante siwezi, kirudishe siwezi, labda niseme tu kwamba naogopa, kwamba Fusi yuko kule na mimi niko huku mkavu, niseme hayo mbele yao wote, na wao wana ndugu kule, tuaibike pamoja, kisha tunyamaze tuone kama Mungu atakaa nasi bila maelekezo yetu... Fusi hajui kuomba kwa urefu, maneno mawili kwisha, tulikuwa tukimcheka, sasa hivi namwona kapiga magoti kando ya meza na watoto wake, betri za redio yake zimekwisha, alituma neno juzi, hajui kwamba kimegeuka, anadhani bado kinakuja kwetu, ananiombea mimi.