Upande wa Kushoto

1.

*Kutoka daftari la Idrisa Semkiwa, fundi mitambo mstaafu wa redio, Nyumba za Mkongeni, Tanga*

Chumba kwanza, spika baadaye. Watu hununua spika nzuri, wakaziegemeza ukutani kama magunia ya mkaa, kisha wakalalamika kwamba besi inavuma. Zisogeze hatua mbili kutoka ukutani. Zigeuze kidogo zimtazame msikilizaji. Spika mbili na kiti kimoja, pembe tatu zilizo sawa. Mdomo wa spika uwe usawa wa masikio ya aliyekaa.

Simama katikati, piga kofi moja. Kofi likikurudia, chumba bado.

Msikilizaji wa majaribio: Mama Salha.

2.

Mama Salha ni mimi. Jina langu ni Mwanaidi, na wewe unayesoma nakuomba ulitumie, maana nyumbani limekaa miaka mingi bila kazi.

Nilikuwa naimba katika kikundi cha taarabu cha wanawake. Idrisa alikuja kuturekodi, kijana wa redio, shati jeupe, mashine begani. Tulipofika ubeti wa pili nikanyamaza nikamwambia kwamba maiki moja imekufa. Akabisha. Akakagua. Imekufa kweli. Wenzangu walimcheka, yeye akanitazama tu, na miezi mitatu baadaye wazee wake wakaleta posa.

Siku ya harusi aliwaambia watu kwamba masikio yangu ndiyo mizani yake. Walipiga vigelegele. Na mimi nilifurahi, sikatai.

3.

Vilivyotolewa sebuleni mwaka aliostaafu:

kabati la vyombo, kwa sababu vioo vinarudisha sauti
saa ya ukutani, kwa kosa la kugonga
picha ya harusi (kioo)
meza ya chakula (tutakula jikoni)
cherehani yangu, ikaenda chumba kidogo

Vilivyoingia:

kapeti nene
mapazia mazito, mawili mawili
rafu ya vitabu ambavyo hakuna aliyevisoma, ukuta wa nyuma
godoro la Salha, limesimamishwa pembeni

kiti

Kiti kimoja. Nikikaa mimi, yeye husimama nyuma yangu na daftari.

4.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tatu, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimejilaza kidogo, nikaamka na mluzi sikioni, mwembamba, kama birika linalochemka nyumba ya jirani. Nilidhani utapita. Idrisa akaniita kitini, akaweka santuri, akaniuliza nasikiaje, kama kawaida yake.

Nikamwambia kushoto kumefifia.

Ungeuona uso wake. Ulikunjuka. Alikuwa ametafuta kasoro katika chumba kile kwa mwaka mzima, na sasa nimempa.

5.

*Daftari*

9 Machi. Mama Salha anasema kushoto kumefifia. Nimebadili waya.

12 Machi. Bado. Nimehamisha spika, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Bado ni kushoto. Kwa hiyo si spika.

13 Machi. Si amplifaya.

20 Machi. Anasema kuna mluzi pia. Mimi siusikii. Nimekagua waya wa ardhi mara mbili. Sikio lake ni kali kuliko langu, lazima upo.

28 Machi. Nimesogeza kiti. Anasema ni vilevile. Anasema amechoka. Nimemwomba dakika kumi zaidi.

2 Aprili. Ni ukuta.

6.

KAMATI YA WAPANGAJI, NYUMBA ZA MKONGENI

TANGAZO

Wapangaji wote mnaarifiwa kwamba mpangaji wa nyumba namba 7, ghorofa ya pili, ameruhusiwa kubomoa ukuta wa matofali unaotenganisha sebule na chumba kidogo, kwa sababu za kitaalamu alizoziwasilisha kwa maandishi (kurasa sita). Imethibitishwa kwamba ukuta husika haubebi dari. Kazi itafanyika kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni.

Mnaombwa kuvumilia kelele.

7.

Kelele

za nyundo

nilizisikia

                                        upande mmoja tu.

8.

*Ngazini, ghorofa ya kwanza. Aliyesimulia ni Mzee Kaniki, jirani, aliyekuwa akipanda na mkate wake nyuma ya wanawake wawili.*

— Mstaafu wa juu anavunja nyumba.

— Kisa?

— Mkewe hasikii vizuri upande wa kushoto.

— Sasa si ampeleke hospitali?

Wakacheka. Na Kaniki akacheka. Alikuja kuniambia miezi mitano baadaye, akitazama viatu vyake, kwamba alidhani ni utani.

9.

Mimi ni Salha, mtoto wao pekee. Nafundisha shule ya msingi Korogwe. Nilikwenda Tanga likizo ya mwezi wa sita nikakuta chumba kidogo hakipo. Cherehani ya mama iko barazani, imefunikwa mfuko wa saruji.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikampa shikamoo kutoka mlangoni. Hakuitika. Nikadhani amenuna. Nikarudia, nikiwa karibu, kushoto kwake. Mikono yake iliendelea kutafuta chuya. Nikazunguka nikasimama kulia, nikasema kwa sauti ileile, na yeye akashtuka na kuniuliza nimeingia lini.

Sikumuuliza mtu. Nilimletea viatu, twende hospitali.

Baba alikuwa sebuleni anapiga makofi, anasikiliza, anaandika, anapiga tena

10.

Sikio la kulia: limepungua kiasi. Kifaa cha kusaidia kusikia kinapendekezwa.

Sikio la kushoto: halisikii.

Tangu lini: Machi (kwa maelezo ya mgonjwa).

Daktari, kijana mpole, alilitazama neno Machi kwa muda. Kisha akageuka ili nimwone vizuri na akaeleza taratibu. Ugonjwa huu huja ghafla. Ukiwahiwa ndani ya wiki mbili za kwanza zipo dawa za kujaribu. Si wote wanaopona, akasema, lakini wako wanaopona.

Salha alishika mkoba wangu kwa mikono miwili kama vile ndio unaoumwa.

11.

*Daftari*

18 Juni.

Si ukuta.

12.

Unataka kujua tulivyogombana. Hatukugombana. Idrisa alikaa kwenye kiti, kwa mara ya kwanza alikaa yeye, na mimi nikasimama. Alisema nilipaswa kumweleza kwamba ni sikio. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetafuta waya uliolegea.

"Baba Salha," nikamwambia, "mimi nilikuambia kushoto. Wewe ukasikia spika."

Akaingia ndani, akatoka na kisanduku chake cha vifaa.

Siku tatu alifanya kazi bila kunywa chai. Nilimwona akikata, akiunganisha, akipuliza moshi wa risasi ya kuungia waya. Alikuwa anazikusanya sauti za pande zote mbili azipitishe upande wa kulia tu, ili sikio langu lililobaki lisikose kitu. Salha akaniambia nikubali, baba anaomba radhi kwa lugha anayoijua. Nami nilitaka kukubali. Nilioga, nikavaa khanga mpya, nikaenda kukaa.

Akaweka wimbo. Ulikuja wote kulia: vinanda, ngoma, waimbaji, wote wamebanana mlango mmoja kama watu wanaokimbia moto. Nilianza kulia. Nikageuka nimtazame.

Alikuwa nyuma yangu.

Na daftari.

Kalamu juu.

"Vipi," akauliza, "besi imezidi?"

13.

Vilivyochukuliwa na Mwanaidi Kihiyo kutoka nyumba namba 7:

nguo
cherehani

14.

*Mzee Kaniki anasema:*

Sitaki kumtetea, lakini niseme ukweli. Chumba kile sasa hakina mfano. Ukuta ulipoondoka sauti ikafunguka. Ukikaa pale unamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno, unajua amesimama wapi, unajua kama anatabasamu. Watu wanatoka Muheza kuja kusikiliza. Jumapili hupanga foleni, kila mmoja santuri moja. Mwenyewe huwapokea vizuri, huwakalisha, husimama nyuma.

Haandiki tena.

Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza chumba kama hiki kilimchukua muda gani. Idrisa akaenda kuzima mashine, na siku ile hakuiwasha tena. Wageni tuliondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeaga.

15.

Sasa naishi kwa Salha, Korogwe. Nashona sare za shule. Kifaa nakivaa sikio la kulia ninapokwenda sokoni. Nyumbani nakiweka kwenye kikombe, kwa sababu kinaifanya kila sauti iwe ya bati. Salha na mimi tumejifunza midomo. Yeye husema polepole, ananitazama, nami nayasoma maneno yakiundwa kabla hayajafika popote. Mwanzoni nilikosea tukacheka sana. Sasa sikosei.

Idrisa alikuja mwezi wa kumi na moja, asubuhi, bila kuarifu. Nilikuwa uani na kitambaa mapajani. Nilimwona kivuli kwanza. Amekonda. Shati limefuliwa na mtu asiyejua kufua. Mikononi hakuwa na kitu, si kisanduku, si daftari, na mikono hiyo haikujua ikae wapi.

Kikombe chenye kifaa kilikuwa ndani, juu ya kabati. Hakukijua, wala mimi sikunyanyuka kukifuata. Alisogea, akachuchumaa mbele yangu, mbele kabisa, uso kwa uso. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuuona uso wake akiwa anasubiri.

Akaanza kusema. Maneno yalikuwa wazi mdomoni mwake, yangesomwa na mtoto wa darasa la kwanza.

*Mwanaidi,* alisema. *Nime*

Nikafumba macho.

Jua lilikuwa usoni. Nilihisi pumzi yake kwenye vidole vyangu, inakuja, inakatika, inakuja. Kwa hiyo bado anasema.

Sijui amefika wapi.