Paka Aliyepewa Dawa ya Mtoto

Mtaani walimwita Daktari, ingawa udaktari hakuusomea hata siku moja. Alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mwaka wa sita sasa nyuma ya kaunta ileile, na jina alilipata kwa wateja kwa sababu hakuwa mtu wa kubahatisha. Ukimwendea na mtoto anayechemka, hakukusukumia chupa na kukuambia kijiko kimoja basi. Alikuuliza mtoto ana miezi mingapi, ana kilo ngapi, ametapika au la. Kisha anachomoa kalamu nyuma ya sikio na kupiga hesabu kwenye kipande cha karatasi mpaka kipimo kinatoka. Watu walimcheka kwa hesabu zake, halafu wakarudi kwake wiki iliyofuata.

Nyumbani walikuwa watatu. Mume alikuwa kazini mbali na alikuja mara moja moja. Wifi yake, dada wa huyo mume, alishona nguo palepale sebuleni. Binti yake wa miaka minane walimwita Maswali, maana aliamka na swali na kulala na swali.

Maswali alitaka mbwa. Alimlilia mwezi mzima, mpaka mama yake akamkalisha chini.

"Tunakaa vyumba viwili, tena ghorofani. Mimi kutwa dukani, wewe shuleni, shangazi yako na cherehani yake. Huyo mbwa atatembezwa na nani? Mbwa anataka watu, mwanangu, na anataka mahali pa kukimbia. Ukimfungia peke yake atabweka mpaka majirani watuhame."

"Watuhame au watuhamishe?"

"Vyote viwili."

Wakakata shauri la paka. Paka wa fundi seremala, barabara ya pili, alikuwa amezaa wanne ndani ya sanduku la maranda, na seremala hakuwa mtu wa kuharakishwa. Aliwaambia wasubiri watoto watimize wiki nane, kwani anayetolewa mapema kwa mama yake hukua mwoga na mng'ataji. Siku ilipofika, alimfundisha Maswali kuchagua paka kama anavyochagua mbao: macho yasiwe na tongo, pua isitiririke, masikio yawe safi mpaka ndani, na chini ya mkia pawe pakavu.

"Sasa vuta uzi mbele yao," alisema. "Anayejificha usimchukue kwa kumwonea huruma tu. Anayerarua kila mkono, mwachie mwenye ngozi ngumu."

Maswali alimchukua wa tatu, aliyeunusa uzi kwanza ndipo akaupiga. Jioni hiyo paka alipanda mezani, akakalia daftari la hesabu na kuutazama ukurasa kama aliyetumwa kuukagua. Wifi akacheka mpaka sindano ikamchoma. Jina likawa Karani.

Miezi minane nyumba ikamzoea. Alilala miguuni pa Maswali, akala kwa saa, akachanjwa, na chombo cha mchanga wake kikasafishwa kila asubuhi kwa zamu ambazo wifi alizisahau makusudi. Baadaye akaanza kutoka kwa ngazi za nyuma, na mama, ambaye alikuwa amenuia kumpeleka kuhasiwa, akawa anasema wiki ijayo, wiki ijayo.

Jumanne moja jioni Karani hakugusa chakula. Alijikunyata chini ya kabati, masikio yakiwaka moto. Maswali alilala kifudifudi sakafuni akimbembeleza atoke.

"Mama, ana homa. Wewe si unajua homa?"

Alijua homa, na hapo ndipo alipopotea. Mtu asiyejua kitu angemwacha paka mpaka asubuhi, au angempeleka kwa wenye kazi yao. Yeye alimweka Karani kwenye mzani wa jikoni, akasoma kilo tatu na ushee, akachomoa kalamu. Aligawanya mara mbili ili ahakikishe. Kisha akachukua parasetamoli ya maji, ile ya watoto yenye ladha ya chungwa, akaivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, akamtia paka pembeni mwa kinywa. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akarudia. Hesabu yake haikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba ilikuwa hesabu ya watu.

Saa sita mchana wifi akapiga simu.

"Wifi, njoo. Huyu paka wako uso umevimba kama aliyegombana na nyuki. Na anahema vibaya."

Aliaga dukani, akapanda ngazi za nyumbani mbilimbili, akamtia Karani kwenye kapu la nguo na kumfunika taulo. Njia nzima aliongea naye. Paka hakujibu hata kwa mkia.

Kwenye kliniki ya mifugo benchi lilijaa. Mwanamume mwenye mbwa aliyefungwa kamba alimtambua hata kabla hajakaa.

"Haa! Daktari naye analeta mgonjwa kwa daktari? Leo hesabu zimegoma?"

Watu wakacheka, kicheko cha kawaida kisicho na ubaya, na yeye akacheka kidogo ili asionekane mnyonge. Binti wa mapokezi, mwenye sauti ya kutangazia mnada, akafungua daftari.

"Paka. Dume. Amepewa dawa yoyote nyumbani?"

Benchi zima lilikuwa linamtazama. Nusu yao watoto wao walikuwa wamepona kwa vipimo vyake.

"Hapana," alisema.

Neno lilitoka upesi, kama la mtu anayekataa kiti. Akakaa. Na alipoinua macho, ukutani mbele yake kulikuwa na bango lililopauka kwa jua, limechorwa mbwa na paka, na chini yao orodha ya vitu vya kutowapa. Mbwa asipewe chokoleti, zabibu, vitunguu. Paka asipewe dawa za maumivu za binadamu, na ya kwanza kuandikwa ilikuwa parasetamoli, hata kidogo, hata mara moja.

Aliisoma mara mbili, kama anavyogawanya mara mbili. Alitakiwa kusimama tu, hatua nne mpaka kwenye lile daftari, aseme nimekosea, andika upya. Hakusimama. Akajiambia atamwambia mganga mwenyewe, ndani, mlango ukifungwa. Mbele yake kwenye foleni kulikuwa na mbwa wa kamba na boksi la vifaranga. Akakaa na kapu mapajani, akihesabu pumzi za Karani chini ya taulo.

Mganga wa mifugo alikuwa mama mtu mzima, mikono imejaa makovu ya kucha. Alimfunua mdomo Karani, akaona fizi zilizogeuka rangi ya kahawia, akashtuka.

"Huyu kala nini? Mnatega panya na sumu huko kwenu?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na wa kucheka. Lakini uongo ukishatoka mara moja unataka mwenzake.

"Sijui. Labda kwa majirani."

Mganga akaanza kuhangaika na sumu ya panya. Akavuta dawa, akachoma sindano, akasikiliza moyo, akatikisa kichwa. Kitu hakikuendana. Alipapasa mwili, vidole vikasimama kwenye bega la kushoto.

"Hapa ameng'atwa. Hili ni jipu, manyoya yamelifunika. Hapa ndipo homa ilipotoka." Akamtazama mwenye paka kwa muda. "Mama, nikuulize tena. Mtu hakumpa kitu cha homa?"

Ndipo aliposema. Alisema yote, dawa, kipimo, saa ya kwanza na saa ya pili, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi.

Mganga hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu. "Kuna dawa ya kulainisha makohozi, ya unga, ya vifuko. Hiyo ndiyo inayopambana na sumu ya parasetamoli. Mimi imeniishia. Unayo dukani kwako?"

"Ninayo."

"Kimbia."

Alikimbia. Akaenda na kurudi bila kuona gari wala mtu, vifuko vimekunjwa kiganjani. Mganga aliichanganya na kumpa Karani, akamwekea hewa, akasubiri, akampa tena. Saa kumi kasorobo kifua cha paka kilipanda, kikashuka, kikakaa chini.

"Angepona?" aliuliza. "Ningesema nilipofika?"

"Sijui, mwanangu. Wengine hupona. Jipu lenyewe ningelipasua, ningemchoma sindano, keshokutwa angekuwa juu ya kabati." Mganga akavua glavu. "Ukishampa paka kitu, sema ulichompa. Tukikosa kujua, sisi tunapapasa gizani."

Alirudi na kapu zito kuliko lilivyokwenda. Wifi alimpokea mlangoni, akaona, akafumba macho. Maswali alikuwa bado chini uwanjani na wenzake, amevaa sare ya shule. Wakasimama jikoni wakinong'ona.

"Wifi, sikiliza," wifi alisema. "Mtoto tumwambie kala panya mwenye sumu. Basi. Halina madhara."

"Ni mimi niliyempa."

"Najua. Nani asiyekosea? Lakini huyu mtoto akijua dawa yako imeua, kesho akiugua atameza nini? Mtoto anamwamini mama yake kuliko mtu yeyote. Usimharibie."

Maneno yalimwingia. Yalikuwa na akili ndani yake, na yalikuwa matamu. Akamfunika Karani taulo vizuri kapuni.

Walimzika kabla jua halijazama, nyuma ya jengo, kwenye ukanda mwembamba wa udongo kando ya kamba za nguo. Wifi alichimba. Maswali alisimama akiwa ameshika ncha ya taulo, macho makavu, hana swali hata moja. Hilo lilimtisha mama kuliko kilio.

"Alikula panya mwenye sumu," wifi alisema, akitandaza udongo kwa kiatu. "Paka wanaotoka nje hupatwa na hayo."

Maswali akatikisa kichwa polepole.

"Si panya. Ni mimi."

"Wewe?"

"Seremala alisema tusimpe maziwa ya ng'ombe, yanamwendesha tumbo, tumpe maji tu. Jumatatu nilimpa. Nilimpa kikombe kizima, alikuwa ananiangalia. Kesho yake akaumwa." Alisema kama mtoto anayekiri darasani, mikono nyuma. "Mimi ndiye nimemuua. Msimwambie baba."

Wifi akamtazama mama kwa jicho la kusema: acha, yatapita, watoto husahau. Mama aliona jinsi ingekuwa rahisi. Asingehitaji hata kusema uongo. Angenyamaza tu, kama alivyonyamaza kwenye benchi, na mtoto angeubeba mzigo kwa niaba yake miaka mingapi sijui.

Akapiga magoti udongoni, macho yao yakawa sawa.

"Maziwa hayakumfanya kitu. Labda tumbo tu. Karani aling'atwa begani akapata homa, na mimi nikampa dawa ya homa ya watu. Kwa paka ile ni sumu. Sikujua, na sikuuliza. Ndiyo iliyomuua."

"Ulipima?"

"Nilipima vizuri. Kupima hakukusaidia."

Maswali aliwaza. "Ukajua lini?"

Hilo ndilo aliloliogopa.

"Kliniki, nikiwa kwenye foleni. Ilikuwa imeandikwa ukutani."

"Ukawaambia?"

"Waliniuliza nikasema hapana. Niliona aibu mbele za watu. Nilikaa kama dakika arobaini ndipo nikasema."

Wifi aligeukia kamba za nguo na kuanza kuanua shuka ambazo hazikuwa zake. Maswali alimtazama mama yake kama anamwona mtu mwingine nyuma ya uso ule.

"Mimi ningesema," alisema.

"Najua."

"Ningesema hapohapo."

"Najua, mwanangu."

Mtoto akarudi hatua moja. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama anayehakikisha jibu kabla ya kuliandika: "Kwa hiyo si maziwa?"

"Si maziwa."

Ndipo uso ukavunjika. Alilia kwa sauti, kilio cha kumlilia paka sasa na si cha kujificha, mabega yakimruka, na mama aliponyoosha mkono akausukuma. Mama hakuulazimisha. Alibaki palepale, magoti kwenye udongo mbichi, karibu kiasi kwamba mtoto akitaka angemfikia kwa hatua moja. Giza likaanza kuingia kati ya shuka. Hakuna aliyesogea.