Kidonge chenye Umbo la Mfupa

Shuka za hoteli hazina siri. Mtu akizilalia usiku mmoja tu, asubuhi sisi wa chumba cha kufulia tunajua alikula nini, alijipaka nini, na kama miguu yake na sabuni wanasalimiana. Zamani kazi hiyo niliifanya kwa kicheko. Nikiinua foronya iliyolowa mafuta ya nywele, nasema, "Kichwa cha huyu bwana kingetosha kukaangia mayai," na wenzangu wanacheka mpaka pasi zinaunguza nguo.

Mwezi ule sikucheka. Nilikuwa na mimba changa, tumbo lenyewe lilikuwa bado halijapata habari, ila pua ilipashwa kabla ya wote. Taulo mbichi zilinuka chura. Mvuke wa pasi ulinuka kwapa la mtu mzima. Nilikuwa natapika kwenye sinki la kulowekea, nafungulia maji, najifuta kwa mkono wa gauni, narudi mezani kukunja shuka kama vile nilienda kusalimia.

Kichefuchefu kile nilikipenda. Mimba yangu ya kwanza ilitoka, na kabla haijatoka niliamka siku moja nikakuta dunia nzima inanukia vizuri. Nikafurahi, nikala, nikaimba. Siku hiyohiyo jioni tumbo likaanza kukata. Tangu hapo sikuiamini tena pua iliyotulia. Kila nilipotapika nilijua mtoto yupo na ananisumbua, na anayesumbua yuko hai.

Halafu nikashikwa na mafua.

Si yale ya kupiga chafya mbili na kuombewa afya. Haya yalikuja na homa, na kikohozi kilichotoka chini kabisa, na kamasi ya kijani ambayo sikuamini ni mali yangu. Pua iliziba kabisa, hata dawa ya kung'arishia shuka haikupenya. Viungo viliuma kama nguo iliyokamuliwa.

"Shoga, unavuja kama bomba la mtaani," akaniambia Kijiko. Huyu ndiye mwenzangu wa meza, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna jambo asilolikoroga. "Nenda kwenye kopo."

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, linakaa kwenye rafu juu ya sabuni, na lilikuwa letu sote. Desturi ilikuwa hii: mgonjwa akipona, vidonge vilivyobaki anavimimina humo kwa ajili ya wenzake. Tena anavimimina vitupu, bila karatasi wala boksi, kwa sababu msimamizi wetu hapendi takataka kwenye rafu. Basi vilikaa humo vimekumbatiana kwa unyevu wa mvuke, vimeota manyoya ya taulo. Niliwahi kukuta kimoja kimefungwa unywele mrefu kama zawadi. Tulivitambua kwa sura. Cheupe kipana ni cha kichwa, cha njano ni cha tumbo, na vile vya mwezi huo, vyenye umbo la mfupa, bila shaka vilikuwa vya mifupa. Nani asingeelewa? Mwenye kiwanda kakuchongea kabisa.

"Nitameza nyumbani," nikamwambia.

"Nyumbani kuna nini ambacho kopo halina?"

"Kuna mama mkwe."

"Tungemkunja vizuri, hata huyo angeingia." Akachovya vidole koponi, akatoa viwili vya mfupa, akavipuliza vumbi, akanitilia mfukoni mwa aproni. "Homa yako iko mifupani. Mimi hivi vimeniondolea maumivu ya mgongo wote. Usizubae."

Kijiko hakujua nina mimba. Kazini hakuna aliyejua. Nyumbani walijua wawili: mume wangu, ambaye ni dereva wa malori na wiki hiyo alikuwa safarini, na mama yake, tunayeishi naye.

Mama mkwe alinipokea mlangoni na sufuria la vitunguu vilivyochemshwa. Mvuke wake ungebandua rangi ukutani. Aliniketisha, akanifunika shuka kichwani juu ya sufuria, kisha akanimiminia maji yaleyale kikombeni, ya uvuguvugu, yenye ngozi za vitunguu zinazoelea kama kucha.

"Kunywa, mwanangu. Kidonge hakiingii humo tumboni. Unakumbuka."

"Nakumbuka, mama."

Ningesahau vipi? Wiki ile mimba ya kwanza ilipotoka nilikuwa nimemeza kidonge cha kichwa. Mama mkwe hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Aliketi tu sebuleni, na kila mgeni aliyekuja kutupa pole alimwambia maneno mawili: "Alimeza kidonge." Wageni wakatikisa vichwa, nami nikawapa chai.

Kesho yake sikwenda kazini. Homa ilikuwa imepanda mpaka kuta zikawa zinapumua. Nililala katika shuka iliyolowa, nimezungukwa na vipande vya karatasi vilivyojaa kamasi, vimekauka na kukakamaa. Mama mkwe alipotoka kwenda sokoni, nilivitoa vile vya mfupa nikavitazama kiganjani.

Nikimeza, pengine nitaifanya mara ya pili kazi niliyoifanya mara ya kwanza. Nisipomeza, huyu mtoto ataiva humo ndani kama yai. Hayo ndiyo yaliyokuwa kiganjani mwangu, pamoja na unywele na manyoya ya taulo.

Nikakiweka kimoja kwenye ncha ya ulimi. Pua ilikuwa imeziba, lakini ulimi ulipata habari. Kilikuwa na ladha ya ini lililosahauliwa kabatini. Nilikitema, nikajifuta ulimi kwa foronya, nikampigia simu mume wangu.

"Mama anasemaje?" akauliza.

"Anasema nisimeze kitu."

"Basi usimeze."

"Mimi nasema naungua."

"Basi meza."

"Wewe ni dereva au ni usukani? Kila anayekushika unamgeukia."

Injini ikapunguza mlio. Kisha akasema taratibu, "Mke wangu, mama anaogopa, wewe unaungua, mimi niko mbali. Aulizwe mtu ambaye si ndugu. Nenda kwa daktari leo."

Mama mkwe aliporudi nilikuwa nimeshavaa viatu. Hakubishana. Alijitanda mtandio, akachukua chupa ya maji ya vitunguu kwa ajili ya njiani, akaniambia, "Twende. Lakini nitaongea mimi."

Kliniki ilijaa watu waliokohoa kama wanajibizana. Benchi lilikuwa na unyevu nisiotaka kuujua. Mzee mmoja alikusanya kohozi kooni kwa muda mrefu, kwa ustadi, kisha akalimeza, na nikashukuru sikuwa na kitu tumboni.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye barakoa na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Mama mkwe alianza kabla hatujaketi.

"Ana mimba, kwa hiyo hamezi dawa. Tumekuja kujua tu afanye nini."

"Sawa, mama. Ngoja nimsikie mwenyewe kwanza." Akaniwekea kipimajoto kwapani, akakitazama, akakitazama tena. "Umemeza chochote mpaka sasa?"

Nikatoa mfukoni karatasi niliyovifungia vile vya mfupa, nikaifungua mezani. Daktari alivigeuza vile vidonge kwa ncha ya kalamu, akasogeza kiti nyuma.

"Mnafuga mbwa?"

"Hatufugi."

"Na kazini?"

Nikafikiri. "Yuko wa mlinzi wa getini."

"Hii ni dawa ya minyoo ya mbwa."

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa mtandio. Mimi ulimi wangu wenyewe niliuona mgeni kinywani. Kumbe mbwa alipopona, mlinzi naye alifuata desturi yetu: alichobakiza mgonjwa wake alikimimina koponi.

"Nilikiramba tu," nikasema.

"Kuramba hakuna neno. Kumeza dawa usiyoijua ndiko kubaya, na wewe hukumeza." Kisha akatugeukia wote wawili. "Kuogopa dawa katika mimba changa si ujinga. Ziko zinazodhuru. Zile za mchanganyiko za kukausha pua, achana nazo. Za maumivu nazo si zote zinafaa. Lakini homa kali nayo si mgeni mwema. Joto la namna hii likiachwa likae, linaweza kumdhuru mtoto anapoumbika, na mafua haya huwaelemea wajawazito kuliko watu wengine. Nitakupa parasetamoli ishushe homa, na dawa ya virusi vya mafua yenyewe. Hiyo ikianzwa mapema ndiyo inasaidia zaidi."

"Unaweza kuapa kwamba hazitamfanya kitu?" nikamuuliza.

"Kwa mimba siapi. Ninachojua ni kwamba wajawazito wengi wamezitumia na hatujaona zikiwadhuru watoto wao. Homa ndiyo tumeiona ikidhuru."

Mama mkwe akaweka chupa yake mezani. "Mara ya kwanza alimeza kidonge cha kichwa, mimba ikatoka."

"Kidonge gani?"

Nikakitaja. Kilikuwa parasetamoli hiyohiyo.

"Mama," akasema daktari, "mimba changa nyingi zinazotoka, zinatoka kwa sababu mtoto hakuumbika sawa tangu mwanzo. Sioni kwamba kidonge kile kilihusika."

Mama mkwe alitazama ukutani, kwenye picha ya mikono inayonawa sabuni, akaitazama mpaka daktari alipomaliza kuandika.

Barazani nilimpigia Kijiko. Nilipomweleza, aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

"Mimi nimekula vingi," akasema mwishowe.

"Basi huna minyoo."

"Nasikia mwili wote unaniwasha."

"Usimkaribie tu mtu aliyeshika fimbo. Na hilo kopo limwageni leo."

Nyumbani nilipanga dawa zangu kwenye kisahani, safi, kila moja ikitoka katika karatasi yake yenye jina. Mama mkwe alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Mama," nikamwambia, "ukiniambia nisimeze, nitakusikia. Ila uniambie ukiwa umenishika paji la uso."

Akanishika. Akaondoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria. Akairudisha mikono nyuma. Nikameza.

Hazikukaa. Kikohozi kilinishika, nikainamia beseni, na vyote vikatoka: maji ya vitunguu, kohozi la nyuzinyuzi, na katikati yake dawa zangu, nzimanzima, zinang'aa. Tulizitazama sote wawili kwa muda.

"Mwili umekataa," akanong'ona.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko kliniki. Zile za kwanza nilizimeza kwa maneno ya daktari. Kumeza mara ya pili kungekuwa uamuzi wangu. Daktari alikuwa amesema nikitapika papo hapo na nikaziona, nimeze nyingine, lakini daktari hakuwepo, palikuwa na beseni lile na mwanamke aliyepoteza mjukuu.

"Mwili umekataa vitunguu," nikasema. "Dawa zilisindikiza tu."

Mama mkwe alilichukua beseni, akatoka nalo uani akiwa amegeuza uso pembeni. Nilisikia akisugua muda mrefu. Aliporudi alikuwa na beseni safi mkono mmoja, na mkono wa pili kikombe cha maji matupu, yasiyo na hata harufu ya kitunguu. Akanishikia kikombe. Nikameza tena, nikafunga macho, nikahesabu pumzi zake badala ya zangu. Safari hii zilikaa.

Jioni homa ilishuka. Nilitoka jasho mpaka godoro likalia. Shuka zile ningezikuta kazini ningesema mgeni huyu alilala na mbuzi mgonjwa. Mama mkwe alizikunja kwa ncha za vidole, akazipeleka kwenye ndoo.

Mwili ukapoa, maumivu yakapungua, na hofu ikaja kuchukua nafasi yao. Pua bado iliziba. Hakuna kilichonichukiza. Nilikunywa chai kwa utulivu, nikala maharage ya jana, nikapita karibu na pipa la taka, pua kimya. Sikujua kama kichefuchefu kimeondoka au kimefungiwa nje tu. Mama mkwe naye aliijua habari ya pua yangu. Alikuwa ananiuliza, "Unasikia vipi?" na mimi najibu, "Sisikii kitu." Kisha akaacha kuuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jirani alikuja kunijulia hali. Nikiwa chumbani nilimsikia mama mkwe akimwambia sebuleni, "Amemeza dawa." Nikauma shuka. Kisha akaongeza, "Maji nilimpa mwenyewe."

Asubuhi moja alikuwa jikoni akikaanga kitu. Nilikuwa nimekaa kitandani napenga kamasi, na upande mmoja wa pua ukafunguka kwa mlio kama kizibo cha chupa. Harufu ikaingia bila kubisha. Ilikuwa nzito, tamu, ya mafuta na jasho, kama mtu amekivua kiatu cha safari na kukiweka mdomoni mwangu. Nilikimbilia beseni, nikatapika mpaka machozi, nikapumzika, nikatapika tena.

Nilipoinua uso, mama mkwe alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, hapumui.

"Ni homa imerudi?"

"Si homa. Ni vitunguu vyako, mama. Vinanuka kama soksi za mwanao."

Alinitazama. Akaegemea mlango, akajifuta macho kwa upindo wa mtandio, akasema ni moshi. Kisha akarudi jikoni, na mimi nikadhani ameenda kuviepua. Nikasikia kisu kwenye ubao. Alikuwa anakata kitunguu kingine.