Koti la Glodi Kitini

Huyu mzee hasikii! Nimeshamwambia kiti hiki kina mwenyewe, na bado amenisimamia, ameshika kiuno.

"Mama, niko na muguu mubaya. Ile kiti iko bule, hakuna muntu. Acha ninyoshe muguu kidogo."

"Hauone koti? Ile koti ni muntu!"

Kwetu Kolwezi hata mtoto anajua. Kanisani, matangani, popote, ukiinuka unaacha nguo yako juu ya kiti, na hakuna wa kuigusa mpaka urudi. Huyu Barnabé ni mfanyabiashara wa Dilolo, ameniambia mwenyewe, mtu mzima kabisa. Anajua. Ni ukaidi tu.

Aliyeacha koti ni mwanangu Glodi. Tulipanda ndege pamoja, akaketi hapa, akafunga hata mkanda. Halafu akajipapasa.

"Mama, nasahau telefone kule tulikuwa tunangojea. Nakuya sasa hivi."

Akavua koti, akalitandaza kitini, akashuka ngazi.

Nampeleka Kinshasa kwa mjomba wake, akajifunze umakanika. Juma lililopita udongo ulimfunika rafiki yake Sadrack, mle shimoni wanamochimba kobalti. Tulipotoka kumzika nikamwambia Glodi, ukirudi mule utakuwa umeniua mimi. Alilia, maskini, na akakubali kuondoka. Usiku ule ndipo nilipopata usingizi.

Mhudumu anapita. "Mama, tunafunga mlango."

"Ngoja kwanza! Mutoto yangu iko anakuya!"

"Mama, koti ni koti," Barnabé anaguna.

"Weye nyamaza, tata!"

Natoa simu yangu, nampigia Glodi, nimwambie akimbie.

Inaita. Inaita hapa hapa, ndani ya koti.

Barnabé anaisikia. Mhudumu pia. Natia mkono mfukoni, naitoa, na kwenye kioo limeandikwa jina: Mama. Hakuisahau popote. Aliiacha makusudi, arudi shimoni nisipate njia ya kumwita.

Nasimama nishuke. Mhudumu ananishika bega, ananiambia kwa upole kwamba ngazi zimeshaondolewa. Nakaa. Uchungu huu, Mungu wangu, ni ule ule niliomzaa nao.

Barnabé ameona haya. Anageuka polepole, anachechemea kurudi kwenye kiti chake cha nyuma. Namshika shati. Nalichukua koti, nalipakata.

"Ikala, tata," namwambia. "Nyosha muguu yako. Hakuna muntu hapa."