Mkono wa Kushoto wa Demetria

Wahiba alikuwa amefika kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale ambapo majani madogo hugeuka na kuanza kupanda kuelekea vidoleni, simu yake ilipolia juu ya mto. Hakuigusa. Mkono mmoja ulishika koni ya hina, mwingine ulishika vidole vya bi harusi, na kwa Wahiba mkono ukishaanzwa humalizwa. Ukiuacha katikati, hina ya mwanzo inakauka kivyake na ya mwisho kivyake, na siku ya kuikwangua rangi inatoka mbili, kama nguo iliyotiwa kiraka.

"Nisomee," akamwambia Lusungu.

Lusungu, rafiki wa bi harusi, alikuwa amekaa karibu na feni akimenya chungwa. Alifuta vidole, akaichukua simu na kusoma. Ujumbe ulitoka redioni. Kipindi kilichopangwa kurushwa Ijumaa kimewahishwa, kitarushwa leo saa kumi, na wanamshukuru sana dada Wahiba kwa ushirikiano wake.

"Da Wahiba umetuficha," Lusungu akasema. "Kumbe sie tunapakwa hina na staa."

Bi harusi akacheka bila kutikisa mkono. Jina lake Demetria, mtu wa Bukoba, mwalimu wa shule ya msingi huko Chamazi. Sendofu yake, sherehe ya kwao ya kumuaga, ilikuwa keshokutwa, na walikubaliana leo hina ya mikono yote miwili, kesho piko nyeusi ya kuzungushia kingo. Wahiba alitabasamu ili naye aonekane anacheka, lakini macho yalimkimbilia dirishani.

Kipindi chenyewe hakikuwa na ubaya wowote. Kila wiki walimtafuta mtu wa sanaa, mchoraji, mshonaji, mpiga ngoma, wakamuuliza ni vitu gani vimemkosha moyo siku hizi, halafu wakamuuliza hatua alizopiga katika maisha yake ya kila siku, hata zile ndogo. Wahiba alijibu kwa simu, amekaa juu ya paa katikati ya nguo zilizoanikwa, maana huko ndiko kulikokuwa na utulivu. Mtangazaji alikuwa na sauti ya upole na alijua pa kunyamaza. Wahiba, mtu wa maneno machache, akajikuta ameongea kuliko alivyokusudia. Mwisho akaulizwa hatua iliyo kubwa kuliko zote. Akaisema.

Alisema amepanga chumba Mwenge, nyuma ya vibanda vya wachonga vinyago, na kwamba mwezi ujao atahamia huko, yeye na kazi yake.

Mtu ambaye hakuwa ameambiwa ni kaka yake, Abdulsamad. Nyumba ilikuwa ya Abdulsamad, na ndiye aliyempokea Wahiba alipoachika. Katika ukoo wao habari kubwa ina njia yake. Inaanzia kwa mkubwa, mezani, baada ya kahawa, kabla haijafika kizingitini. Posa yake Wahiba ilipita njia hiyo, na talaka yake pia. Alikuwa amejipangia kuisema Alhamisi usiku, maneno ameshayachagua moja moja. Leo ilikuwa Jumatano.

Na duka la Abdulsamad lilikuwa chini ya chumba hikihiki. Redio yake ilikaa kwenye rafu juu ya magunia ya mchele, haikuhamishwa stesheni wala haikuzimwa, kwa sababu baada ya kipindi hicho hupigwa taarabu ya zamani. Sauti yake ilipanda hadi dirishani kwa Wahiba kila alasiri, naye alikuwa ameizoea kama alivyozoea harufu ya mchele.

Adhana ya Alasiri ilikuwa imeshatoka kitambo.

Akafikiri. Kushuka, aache majani yamekatikia kwenye kifundo? Kupiga simu? Abdulsamad akiwa na wateja simu huiacha ilie mpaka ichoke. Kumtuma Lusungu, mwenye chungwa mkononi, ndiye akaseme dukani kwamba dada mtu anahama? Hapana. Akajiambia kwamba vitu vilivyomkosha vitachukua muda, kwamba habari ya chumba iko mwisho, na kwamba vidole vitano si vingi. Atamaliza mkono huu, atashuka. Akaanza kukaza mwendo, jambo ambalo mkono wake haukulizoea.

Kidole gumba kilikuwa kimekwisha sauti yake mwenyewe, ya redioni, ilipoingia kwa dirisha. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyoijua. Ilikuwa inasema kwamba siku hizi anapenda ngoma moja ya singeli ya vijana wa Vingunguti, aliyoisikia alipokwenda kununua nyama. Kwamba ngoma inakimbia mno, ila mwimbaji hakubali kukimbizwa.

Lusungu akajilaza chini kwa kicheko. "Mie nilijua wewe ni kaswida tu. Singeli! Keshokutwa tukikuita ukumbini usijifanye hujui kuicheza."

"Mwache amalize," Demetria akasema, naye akicheka.

Chini nako walicheka. Wahiba akaitambua sauti ya kaka yake katikati ya za wateja. Alikuwa anasikiliza, basi. Na alikuwa anafurahi, jambo lililozidi kumuuma.

Kidole cha shahada. Redio ikaeleza habari ya tamthilia iliyotafsiriwa, ambayo ndani yake mna mama mmoja asiyesema sana, na Wahiba huitazama kila jioni ili amwone akikunja nguo tu, maana kwa ukunjaji wake unajua kama amekasirika au amesamehe. Cha kati. Redio ikafika Mwenge, kwenye kigoda alichokiona kwa mchonga mmoja aitwaye Kondo. Pembeni mwa kigoda palizungushiwa majani, yote yanatazama upande mmoja, isipokuwa moja. Alimuuliza Kondo kama amekosea. Kondo akamjibu kwamba macho yakizunguka yanataka pa kukaa. Tangu siku hiyo, redio ikasema, kila mkono ninaoupaka ninauachia jani moja linalotazama kwingine.

Demetria akainua mkono wake kidogo. Akautazama kwa utulivu wa mtu anayesahihisha madaftari, kutoka kifundoni hadi vidoleni.

"Langu liko wapi?"

Wahiba naye akatazama. Halikuwapo. Majani yote yalikuwa yanakimbilia upande mmoja kama watu waliosikia mlio wa risasi. Katika haraka yake alikuwa amelisahau.

"Liko mkono wa kushoto," akasema. Huo ulikuwa bado haujaguswa.

Cha pete. Mtangazaji akauliza kuhusu hatua ndogo. Redio ikajibu kwa sauti ya Wahiba: amepimwa macho akavaa miwani, na siku ya kwanza alishangaa kuona mnazi una majani, si moshi wa kijani. Ameingia mgahawani peke yake akala chipsi na kuku bila kuhisi anatazamwa. Amejifunza kulala mchana bila kujiita mvivu. Chini hapakuwa na kicheko tena. Huenda walikuwa wanasikiliza vizuri zaidi. Wahiba akakamilisha ncha ya kidole cha mwisho, akaweka koni chini na kuinuka goti moja, na hapohapo sauti yake mwenyewe ikamtangulia: nimepanga chumba Mwenge.

Akarudi kukaa.

Lusungu alimtazama Demetria, Demetria akatazama mkono. Redio ikaweka taarabu. Baada ya kitambo makubazi yakasikika ngazini, polepole, yakasimama nje ya pazia. Mwanamume haingii anakopakwa hina bi harusi, na Abdulsamad hakuwa mtu wa kuvunja adabu hata siku kama hii.

"Wahiba."

"Abee, kaka."

"Una wageni?"

"Ninao."

Demetria na Lusungu wakaamkia shikamoo kwa pamoja, kama darasani. Abdulsamad akaitikia marahaba, akamwombea bi harusi heri. Pazia halikutikisika.

"Mzee Azzam wa jirani kanipa hongera," akasema. "Na mama wa vitumbua kanipa hongera. Nilikuwa napima sukari, redio siisikii vizuri. Nikasema ahsante. Nimewaambia ahsante wote wawili, Wahiba, wala sijui naitikia nini."

"Nilitaka kukwambia kesho."

"Kesho." Alilirudia taratibu, bila ukali. "Haya. Maliza kazi ya watu."

Makubazi yakashuka.

Wahiba akauchukua mkono wa kushoto wa Demetria, akaulaza juu ya mto. Akaminya koni. Mstari wa kwanza ulitoka umejikunja. Akaufuta kwa pamba. Wa pili ukadondosha tone mkekani. Alikuwa amepaka hina akiwa na homa, amepaka akiwa na msiba, hajawahi kuona mkono wake ukikataa hivi.

Demetria akaufunga mkono wake, taratibu, vidole vikaingia ndani ya kiganja.

"Dada Wahiba, huu uache. Nenda."

"Rangi zitapishana. Wa kulia utakuwa umekolea, huu bado."

"Zipishane. Watu wataangalia gauni."

"Na keki," Lusungu akasema. "Mie mwenyewe nitakuwa naangalia keki."

Wahiba akajitanda kanga kichwani akashuka. Abdulsamad alikuwa anamfungia mtoto wa mtu unga kwenye mfuko. Wahiba hakupita ndani ya kaunta kama siku zote. Alisimama upande wa wateja, akangoja mpaka mteja akaondoka.

"Nikupe nini?" kaka yake akauliza, macho kwenye mizani.

"Nimekuja kukupa habari."

"Nimeshaipata."

"Ile ni ya redio. Yangu bado."

Abdulsamad akapangusa mizani iliyokuwa safi. Alipoinua macho yalikuwa na uchovu zaidi kuliko hasira. Akauliza kama ufunguo ameshapewa. Wahiba akasema ndiyo. Akauliza kama dirisha la huko lina nondo. Wahiba akasema lina.

"Siwezi kukusikiliza hapa, katikati ya unga," akasema. "Kesho, baada ya kahawa ya asubuhi. Uniambie kama vile sijui kitu. Nami sijasema nitakubali."

"Najua."

Akapanda. Lusungu alikuwa ameushikilia mkono wa kulia wa Demetria mbele ya feni, wakiutafutia jani ambalo halikuwapo. Wahiba akawaambia waje kesho, si asubuhi sana, kwa sababu ana mazungumzo kwanza. Akachomeka pini kwenye mdomo wa koni, akaifunika kwa kitambaa kibichi. Kisha akafungua kopo la pini, akatoa ufunguo wa Mwenge uliokuwa chini ya pini, akaenda kuuweka mezani, mahali kaka yake anapoweka kikombe cha kahawa.

Aliporudi Demetria alikuwa anavaa viatu kwa mkono mmoja. Wahiba akainama kumsaidia, na alipokuwa anafunga kamba akautazama tena mkono ule wa kushoto usio na kitu, akipima jani lianzie wapi.