Kikauboi cha Kujazia Giza

Sisi watu wa Jinja tuna bwawa la umeme mlangoni, na umeme unatukatikia kama wengine wote. Silalamiki, maana giza ndilo lililonifunza kazi. Mimi ni vijei: nakaa pembeni ya skrini kwenye banda la video, kipaza sauti mkononi, nikiwatafsiria watu filamu wanayoitazama. Umeme ukikatika, vijei hanyamazi. Mpaka jenereta ingurume, lazima ajaze giza kwa hadithi, na kwa kuwa Jumapili mabanda yetu huonyesha filamu za makauboi, hadithi nayo huwa ya kauboi. Tunaiita kikauboi. Kikauboi kizuri huisha kabla mwenye banda hajamaliza kuvuta kamba ya jenereta.

Mwaka huu banda letu la Nalufenya, hapo hapo Jinja, liligeuzwa stoo ya saruji. Kaka yangu Isa, ambaye ana meza ya viungo sokoni Jinja, akanitengea kigoda kando yake. Akasema mwanamke na bunduki za kwenye filamu ni wapi na wapi. Nilimjibu kwamba nitauza bizari siku nitakayokosa sauti, nikapanda teksi kwenda Mbale, maana nilisikia mtu mmoja huko anatafuta vijei.

Mtu huyo alikuwa Enos, Mgisu mnene asiyependa kusimama. Banda lake liko njia ya kwenda Nkoma, na watazamaji wake wamechanganyika: wanafunzi, watu wa bodaboda, na askari jela kutoka Teso, Lango na Acholi walio kwenye mapumziko. Lugha pekee wanayoelewana wote ni Kiswahili. Wengi kwetu wanakiogopa, wanakiita lugha ya bunduki, ya wanajeshi, lakini mimi nimekulia kwa wafanyabiashara Waislamu wanaokizungumza, hakinitishi.

"Leo iko jaribio," Enos akaniambia. "Watu ikikaa mpaka mwisho, kipaza ni yako. Ikitoka, wewe unarudi Jinja leo leo."

"Watakaa," nikasema.

Umeme ulikatika mara ya kwanza wakati kauboi wa filamuni anafunga farasi. Nikaanza mara moja. Makauboi wawili walipeana migongo ili watembee, kisha mzee wa mji apige kelele, wageuke wapigane risasi. Mzee akasinzia. Mmoja ameshafika mpakani Malaba, anaulizwa kitambulisho. Banda zima likacheka, na jenereta ikanguruma kicheko hakijaisha. Hata Enos alisimama. Nilijiona nimeshapata kazi, na hapo ndipo akili ilipoanza kunitoka.

Enos alizima jenereta umeme uliporudi, lakini haukudumu. Ulipokatika tena nikatoa kile kinachowavunja mbavu watu wa Nalufenya kila mara, kikauboi changu bora kuliko vyote. Kauboi mmoja aliiba ng'ombe wa kijiji kizima. Asubuhi wenyewe walipoamka, wakakuta zizi limejaa kinyesi. Kauboi hakuwa na roho mbaya: aliwaachia mbolea walime.

Wanafunzi walicheka kidogo, wakaacha. Upande wa askari jela hakuna aliyekohoa. Jenereta ilipowaka niliona wanaume wawili wakivaa kofia zao na kutoka, bila hasira, kama mtu anavyotoka msibani. Kwenye benchi lao alibaki mama mmoja wa makamo. Wote walimwita Afande Akello, ingawa alikuwa amestaafu magereza.

"Binti," akaniita juu ya sauti ya bunduki za filamu. "Ile ng'ombe ilikuwa ya nani?"

"Ya watu wa kijiji, mama. Ni hadithi tu."

"Ile watu ni sisi," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto, kule Lango. Tuliamka, zizi iko, ng'ombe hakuna. Hata moja. Baba yangu alikaa chini pale kwa mlango wa zizi. Hakulima. Hakusimama tena vizuri mpaka tukamzika. Wewe unasema mbolea."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sisi Wasoga ni watu wa ndizi na viazi. Ng'ombe wa mwenzetu akiibwa tunasema pole, tunaendelea kupalilia. Kule Lango na Teso ng'ombe alikuwa mahari, ada ya shule na jina la mtu, na waliondoka kwa maelfu miaka ile ya vita. Haya nilikuwa nayajua. Kila mtu mzima nchini anayajua. Niliyajua na bado nikayatania mbele ya wenyewe. Mdomo huponza kichwa.

Enos aliniita mlangoni alipokaa. "Teksi ya Jinja iko kwa stendi," akasema. "Nenda tu, nyabo, dada yangu. Sina ubaya na wewe."

"Filamu imeisha?"

"Bado."

"Umesema mpaka mwisho. Basi siondoki bado."

Alinitazama, akakuna shingo. Kubishana kungemlazimu asimame, na tayari alikuwa amechoka. Nikarudi kwenye kipaza. Sikutaka kigoda cha Isa, hilo ni kweli, lakini sasa kulikuwa na jambo lingine. Sikutaka mama yule aende nyumbani na neno langu lile.

Umeme wa mchana ule ulikuwa wa kuja na kwenda. Ulirudi, tukatafsiri kidogo, ukakatika tena. Safari hii niliondoka pembeni, nikasimama mbele kabisa ya skrini, palipo na watu.

"Palikuwa na mwanamke," nikasema. "Aliamka, akakuta zizi tupu. Mumewe akakaa chini mlangoni. Mwanamke hakukaa. Hakuwa na farasi, hakuwa na bunduki. Akafunga mtoto mgongoni, akashika njia, akifuata alama za kwato."

Jenereta ikanguruma. Kauboi wa filamuni akatokea usoni kwangu na kwenye nguo yangu, farasi na vumbi lake. Sheria ni sheria: picha ikirudi, hadithi imekufa. Nikainua kipaza nianze kutafsiri.

"Enos," akasema Afande Akello. "Zima."

"Mama, watu imekuja kwa filamu."

"Zima hiyo jenereta. Mimi nataka kujua yule mama alifika wapi."

"Zima, bwana," mwingine akasema nyuma, wa bodaboda nadhani. Mwanafunzi mmoja naye akasema zima. Tangu nishike kipaza sijawahi kusikia watu wakiomba giza. Enos akazima.

Mtu akauliza, "Alimkamata mwizi?"

Nilikuwa na risasi tayari mdomoni. Ningeweza kumuua mwizi yule kwa sentensi moja na kuwarudisha ng'ombe wote kabla ya jua kuzama, na wangenipigia makofi. Lakini aliyekuwa mbele yangu aliamka asubuhi ile akaliona zizi, na mimi nilishamdanganya mara moja kwa ile mbolea.

"Hakumkamata," nikasema. "Kwato ziliishia mtoni. Akarudi kwa miguu, mtoto analia. Akamkuta mumewe pale pale alipomwacha. Akamwambia: mume wangu, wamekwenda. Nimefika mpaka wanapoishia, nimeona kwa macho yangu. Sasa nipe mkono uinuke."

Ndipo nilipoishia, sikuwa na zaidi. Nilisikia benchi la mbele likilia kwa uzito wa mtu anayesogea.

"Alisimama?" akauliza yule wa bodaboda.

"Mimi sijui," nikasema. "Afande, sema wewe."

Nje muuza karanga alipita akinadi, akaenda zake.

"Alisimama," akasema Afande Akello. Sauti ilimkatika, akaikaza kama mtu anayepokea amri. "Mama alimpa mkono, na yeye alisimama. Sisi watoto tuliona."

Hakuna aliyemsahihisha, sembuse mimi.

Enos alikaa na kamba mkononi mpaka mama yule aliposema sawa, washa. Akaivuta. Aliponipita akaniambia nije mapema kesho, filamu zitakuwa mbili.